Jirani anataka ghorofa la maduka, nami uani nina banda lisilo na kibali

Shikamoo Mama,

Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kudhani kwamba na mimi siku moja nitaandika. Naomba jina langu lisitajwe, maana wote wanaohusika wanakusoma, pamoja na huyo jirani ninayetaka kumzungumzia.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu. Wawili wameshajitegemea, wa mwisho bado yuko nyumbani. Nyumba tunayoishi tuliijenga wenyewe, mimi na mume wangu, kidogo kidogo: tulichimba msingi, tukasimama, tukapandisha kuta, tukasimama tena, paa likangoja mpaka mkopo wa kazini utoke. Hati yetu inasema kiwanja ni cha makazi, na mtaa mzima uko hivyo. Nyumba zote ni za chini, kuna miti, kuna utulivu. Ndicho kilichotufanya tununue hapa badala ya kule karibu na barabara kuu.

Tunapakana na mwalimu mstaafu na mkewe. Kumwita jirani tu ni kumpunja. Mume wangu alipolazwa, mwalimu ndiye aliyenipeleka hospitali jioni kwa jioni na kunisubiri nje mpaka nitoke. Mkewe ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mtoto wa kwanza nikiwa sijui hata kumfunga nepi. Watoto wetu wanawaita babu na bibi.

Sasa mwalimu ameiomba halmashauri ibadilishe matumizi ya kiwanja chake, kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Tangazo limebandikwa getini kwake: jengo la ghorofa nne, maduka chini, nyumba za kupangisha juu. Mwenye pingamizi au maoni ayapeleke kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi.

Hakuniambia, Mama. Nilisoma kwenye lile bango kama mpita njia. Nilipomuuliza alisema, "Binti yangu, pensheni haitoshi, na wanangu wako mbali. Nimepata mtu mwenye mtaji, atajenga yeye, mimi nitabaki na ghorofa moja." Sikuwa na la kujibu.

Majirani wa ng'ambo ya barabara wameandika waraka wa kupinga na wanazunguka kukusanya saini. Kwangu wamekuja zaidi ya mara moja. Wanasema mimi ndiye ninayepakana naye, kwa hiyo saini yangu itapewa uzito kuliko zao. Na kweli, nikiutazama mchoro naona tutakavyoumia. Vyumba vyetu vyote vya kulala viko upande ule, jua la asubuhi litakwisha. Wapangaji wa juu watakuwa wanatuona tukianika nguo. Na magari ya wateja yatakaa wapi, wakati barabara yetu magari mawili yakikutana lazima moja lipande kwenye majani?

Ningesaini siku ileile, ila mambo mawili yananizuia.

La kwanza, uani tuna banda la vyumba viwili. Tulilijenga baada ya baba mkwe kufariki, ili mama mkwe akae karibu nasi. Chumba kimoja ni chake, kingine amepanga kijana mmoja mfanyakazi, na kodi yake ndiyo inayonunua dawa za mama. Hatukuomba kibali. Fundi alituambia kwa kijengo kama kile hakuna anayeomba. Tena ukuta wa nyuma umesogea mno kwenye mpaka wa mwalimu, karibu uuguse. Mwalimu aliona yote hayo na hakusema neno. Hata maji ya kujengea tulichota kwake. Nikipinga, maofisa watakuja kukagua, na wakikagua watalikuta banda. Halafu mimi ni nani wa kumshtaki mtu aliyenifichia langu?

La pili ni mume wangu. Yeye hataki tupinge, anataka tufuate nyayo! Anasema mwalimu akikubaliwa na sisi tutaomba, kiwanja kitapanda thamani mara mbili, tutauza au tutaingia ubia na huyohuyo mwenye mtaji. Amebakiza muda mfupi astaafu. Nikimwambia sitaki kuhama, ananijibu kwamba naamua kwa moyo badala ya akili. Sasa tumefika mahali suala hili likitajwa mmoja wetu anaondoka chumbani.

Nimesikia pia kwamba mtaa ukigeuzwa wa biashara kodi ya majengo hupanda hata kwa asiyejenga kitu. Ni kweli?

Nisaini au nisisaini? Na nikinyamaza, nitakuwa nimemsitiri rafiki au nimejisitiri mwenyewe?

Mwenye banda uani

—

Marahaba mwanangu,

Umeniuliza kuhusu saini, lakini ninavyosoma barua yako, saini ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Ndani ya saini hiyo mmefunga mambo matatu ambayo hayakuzaliwa pamoja: jengo la mwalimu na jinsi litakavyowaathiri, banda lenu, ambalo lingekuwa na shida zake hata kama mwalimu asingeomba chochote, na uzee wako na mumeo, mtakula nini na mtaishi wapi. Wale majirani na karatasi yao wanataka uyajibu yote matatu kwa mwandiko mmoja, tena kabla ya mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mkono unasita, na mimi sikulaumu kwa kusita.

Nianze na maumivu yako, kwa sababu umeyapitisha haraka. Ulisoma habari za mwalimu kwenye bango. Mtu aliyekungoja nje ya hospitali usiku hakupata ujasiri wa kukugongea mlango akakwambia anachotaka kufanya. Hilo linauma, na usijilazimishe kuliona dogo. Ila nakuomba ujiulize kama kimya chake kilikuwa cha dharau au cha aibu. Mzee anayelazimika kusema "pensheni haitoshi" mbele ya mtu anayemwita binti hasemi jambo jepesi. Inawezekana aliogopa uso wako kuliko alivyoogopa halmashauri.

Sasa tuje kwenye mtaa. Unaandika kana kwamba mlipouziwa kiwanja mliuziwa na utulivu pamoja nacho. Wengi tunafikiri hivyo, na mpango wa matumizi ya ardhi kweli hutupa kinga fulani: unaweka wazi wapi watu wakae, wapi wafanye biashara, jengo lipande kiasi gani, likae umbali gani kutoka mpakani. Lakini kinga hiyo ni ya mpango, si ya hati yako, na mamlaka iliyoupanga mtaa inaweza kuupanga upya ikifuata utaratibu. Lile bango lililokuumiza ndiyo sehemu ya utaratibu wenyewe.

Kuna kesi moja maarufu sana kwa watu wa mipangomiji, ya mwaka 1926, kati ya kijiji cha Euclid katika jimbo la Ohio nchini Marekani na kampuni ya ardhi iliyoitwa Ambler. Kijiji kilipanga maeneo yake na sehemu ya ardhi ya kampuni ikaangukia kwenye makazi. Kampuni ikalia kwamba ardhi ambayo kwa viwanda ingeuzwa dola 10,000 kwa ekari, kwa makazi isingefika zaidi ya dola 2,500. Mahakama Kuu ya Marekani ikakipa haki kijiji. Hakuna aliyechukua hata koleo moja la udongo wa Ambler, lakini kwa mujibu wa hesabu zake robo tatu ya thamani ilikuwa imeondoka kwa kalamu, na hapakuwa na fidia. Nakusimulia haya kwa sababu mumeo anaitazama kalamu hiyohiyo kwa upande wake wa neema. Nayo neema ina mashaka yake.

Anasema kiwanja kitapanda mara mbili. Amepata wapi namba hiyo? Sisemi ni ya uongo. Nauliza imetoka kwa mthamini au imetoka kwa mwenye mtaji. Chicago ililegeza masharti ya ujenzi karibu na vituo vya treni mwaka 2013 na tena 2015. Utafiti uliofuatilia miaka ya mwanzo uliona bei za nyumba na viwanja zimepanda, lakini ujenzi wenyewe haukuongezeka kama ilivyotarajiwa. Auckland, nchini New Zealand, iliruhusu ujenzi mkubwa zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi mwaka 2016, na huko nyumba nyingi kweli zilijengwa. Ila kilichopanda zaidi kilikuwa kiwanja kikubwa chenye nyumba ndogo, kwa sababu mnunuzi hatazami sebule, anatazama anachoweza kusimamisha baada ya kubomoa. Hapo ndipo mumeo anapaswa kutulia. Siku kiwanja chenu kitakapopata thamani hiyo, nyumba mliyoijenga kwa mikopo itakuwa gharama ya kubomolewa kwenye hesabu za mtu mwingine. Na hiyo thamani haishikiki mpaka muuze au mjenge. Mkiuza, mtanunua wapi, kwa bei gani, na mama mkwe ataishi wapi?

Tena "akikubaliwa yeye na sisi tutakubaliwa" si kanuni. Afisa mipangomiji anaweza kukubali ombi la kwanza na kukataa la pili kwa sababu barabara, mitaro na mabomba hayabebi majengo mawili ya ghorofa. Au anaweza kusema mtaa mzima usubiri mpango mpya. Mumeo akitaka uhakika, aende ofisini aulize mpango wa eneo lenu unasemaje kwa miaka ijayo. Kuuliza si kuomba, wala hakumfungi.

Ubia ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote, na hapa nawasemea nyumba mbili, yenu na ya mwalimu. Nimekaa karibu na mambo ya ardhi miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na swali ninalolijua kuwa halina adabu lakini ni la lazima ni hili: wakati jengo linajengwa, hati itakuwa mikononi mwa nani? Mwenye mtaji akiiweka benki kama dhamana kisha fedha zikamwishia msingi ukiwa umechimbwa, mwalimu hatabaki na ghorofa moja, atabaki na shimo. Je, mkataba upo kwa maandishi? Kuna tarehe ya kumaliza? Wanakoishi wao wakati nyumba yao imebomolewa kunalipiwa na nani? Mwalimu ana mwanasheria wake, au anamtumia wa yule mwenye mtaji? Huenda jambo la kirafiki kuliko yote unaloweza kumfanyia mzee huyu halihusiani kabisa na kupinga au kuunga mkono.

Kuhusu kodi, jibu ni kwamba inategemea inavyokokotolewa kwenu. Mahali ambapo kodi hutozwa kwa thamani ya soko, na mthamini anaruhusiwa kuhesabu kile kinachoweza kujengwa badala ya kilichopo, asiyejenga chochote anaweza kupandishiwa. Mahali ambapo hutozwa kwa jengo lililosimama au kwa kiwango maalumu, ghorofa la jirani halikuongezei kitu. Baadhi ya sehemu huwapa nafuu wazee au wanaokaa ndani ya nyumba zao. Ofisi ya uthamini itakujibu bila hata kukuuliza jina.

Sasa banda.

Umeandika kana kwamba usiposaini banda litabaki siri. Sina hakika na hilo, mwanangu, na ningependa ulitazame tena. Hakuna anayejenga ghorofa nne bila mpima kuja kutafuta mawe ya mpaka. Atapima kila upande, na upande wenu atakuta ukuta. Mwenye mtaji, ambaye hakuwahi kukuchotea maji, ataambiwa kwamba jirani amejenga mpakani bila kibali. Kwa hiyo sioni sana kwamba saini yako ndiyo itakayolifichua banda. Bango lile limeshaliingiza kwenye mchoro wa mtu mwingine.

Lipo na la usalama, ambalo naona hukuligusa. Umbali kati ya jengo na mpaka hauwekwi kwa ukaidi wa maofisa. Unawekwa ili moto usiruke, hewa ipite, maji ya paa yasimwagikie jirani, na mtu akichimba upande wa pili wa mpaka asikuangushie ukuta. Msingi wa ghorofa nne huchimbwa chini sana kuliko wa banda. Anayelala nyuma ya ukuta huo ni mama mkwe wako. Hata kama usingejali sheria hata kidogo, hilo lingekutosha kutaka mtu mwenye ujuzi aangalie kabla koleo la kwanza halijashuka.

Kisheria banda lina makosa mawili, na ni vizuri uyatenganishe. Kukosa kibali mara nyingi huweza kurekebishwa: unapeleka michoro ukiwa umechelewa, unalipa ada na pengine faini, jengo linakaguliwa. Kusogelea mpaka ni kugumu zaidi, kwa sababu unahitaji kuruhusiwa kwenda kinyume cha kanuni, na hapo neno la jirani anayepakana nawe huwa na maana. Jirani huyo ni nani? Leo ni mwalimu. Kesho anaweza kuwa kampuni. Uani kwako pana na mpangaji pia, na sehemu nyingine chumba cha mzazi na chumba cha kupangisha huhesabiwa tofauti hata vikiwa chini ya paa moja, kwa sababu kiwanja cha familia moja kimegeuka cha kaya mbili.

Watu watakwambia kwamba jengo likishakaa miaka mingi haliguswi. Usilibebe hilo bila kuuliza. England, kwa mfano, ilikuwa na kanuni kwamba ujenzi usio na kibali ukipita miaka 4 bila hatua kuchukuliwa hauwezi tena kuadhibiwa; Aprili 2024 muda huo ukafanywa miaka 10 kwa ujenzi unaokamilika tangu hapo. Kuna nchi ambazo hazina msamaha wa namna hiyo hata kidogo. Njia unazoziona mbele yako kila moja ina gharama. Ukijipeleka mwenyewe, unaweza kupata nafuu ya kuwa mkweli, lakini pia unaweza kuambiwa uvunje ukuta wa nyuma au umwondoe mpangaji, na fedha ya dawa ikatoweka mwezi huohuo. Ukisubiri, unabaki na utulivu wa muda ambao ufunguo wake uko kwa wengine. Kati ya hizo mbili kuna hatua ndogo: kumwona mtaalamu wa mipangomiji wa kujitegemea, au mwanasheria wa ardhi, umweleze yote, akwambie ofisi ya kwenu hulichukuliaje jambo la aina hii kabla hujapeleka karatasi yoyote. Ningetamani uende na mumeo. Banda ni lenu wawili.

Turudi kwenye waraka wa majirani. Umeusoma wote, neno kwa neno? Nauliza kwa sababu nyaraka za aina hii huanza na magari na kivuli, kisha mahali fulani katikati huingia sentensi kuhusu "wapangaji watakaoshusha hadhi ya mtaa." Wewe una mpangaji, na unamjua kuwa ni kijana wa kazi anayelipa. Kama sentensi hiyo imo, utakuwa unaisaini na yeye yuko uani. Kama haimo, vizuri.

Umeweka kusaini upande mmoja na kunyamaza upande mwingine, lakini tangazo lenyewe uliloninukulia linasema "pingamizi au maoni." Maoni unaweza kuyaandika wewe, kwa jina lako, bila kujifunga na karatasi ya wengine. Unaweza kusema huna ugomvi na jengo bali una maombi: madirisha yanayotazama vyumba vyako yawe ya juu au ya kioo kisichoonyesha; maegesho yawe ndani ya kiwanja; ghorofa ya juu irudi nyuma upande wako ili jua lipite; maji ya mvua yaelekezwe kwenye mtaro; uchimbaji wa msingi uimarishwe kabla ya kuendelea; maduka yafungwe saa fulani. Afisa mipangomiji akisoma barua ya anayepakana na kiwanja ikitaja dirisha hili na ukuta ule, ana kitu cha kufanyia kazi. Karatasi yenye saini nyingi chini ya sentensi moja ya jumla humwambia tu kwamba watu wamekasirika. Usipoteze mistari kwa kusema thamani ya nyumba yako itashuka. Uingereza, kwa mfano, hilo halihesabiwi kabisa, wakati kuzibiwa mwanga, kuchunguliwa, kelele na msongamano huhesabiwa.

Nikuambie pia kwamba maduka yenyewe huenda si adui unayemdhania. Japani hugawa maeneo yake kwa kanuni za nchi nzima, na hata kwenye eneo lile kali kuliko yote, la nyumba fupi za makazi, mtu anaruhusiwa kuwa na duka dogo ndani ya nyumba anayoishi mradi lisizidi mita za mraba 50 na lisifikie nusu ya jengo. Watu wanaishi, wananunua mlangoni, na mtaa unabaki kimya. Kinachokutisha wewe, nikisoma vizuri, ni urefu na magari. Basi pengine swali la kumpelekea mwalimu ni kwa nini ziwe ghorofa nne. Labda atakwambia mwenye mtaji hatapata faida kwa pungufu. Labda hajawahi kuuliza.

Jambo moja la upande, halafu nitaliacha: chukua hati yako uisome mpaka mwisho, na umwombe mwalimu asome yake. Houston ni jiji kubwa la Marekani ambalo halina mpango wa kugawa maeneo kwa matumizi kama miji mingine, lakini mitaa mingi huko inalindwa na masharti yaliyoandikwa ndani ya hati, na watu hupelekana mahakamani kwa masharti hayo. Kama hati zenu zina sharti la namna hiyo, kubadilisha matumizi halmashauri kunaweza kusitoshe, na mwalimu ni bora alijue leo kuliko baada ya kubomoa.

Na mumeo. Anasema unaamua kwa moyo. Mimi naona na yeye anaamua kwa moyo, ila moyo wake una hofu na wako una upendo, na hofu ikivaa hesabu huonekana kama akili. Amemsikia mwalimu, mtu mzima aliyefundisha maisha yake yote, akisema pensheni haitoshi, na yeye anakaribia huko. Kabla hamjagombana tena kuhusu kuuza, ungeweza kumuuliza anahesabu mtaishi kwa shilingi ngapi akistaafu, na pengo ni kiasi gani? Pengo likiwa dogo, huenda kuna njia zisizobomoa nyumba, hata banda lililorasimishwa na kukarabatiwa likiwa mojawapo. Likiwa kubwa, basi na wewe utakuwa umeliona kwa macho yako, na kutotaka kuhama kutakuwa na bei unayoijua. Nimeona pia kwamba katika barua nzima mama mkwe anatajwa, anahurumiwa, analipiwa dawa, lakini hakuna mahali anaposema neno. Anajua kuna bango?

Umeuliza kama ukinyamaza utakuwa umemsitiri rafiki au umejisitiri mwenyewe. Pengine vyote viwili, na sioni aibu iliyo ndani yake. Mwalimu naye aliponyamazia banda lenu huenda alikuwa anawasitiri, na huenda alikuwa anajiwekea akiba ya kimya chenu. Watu waliopakana miaka mingi huwa na madeni ya namna hiyo na si lazima yahesabiwe. Ila mnaweza kukaa mkayataja. Ukienda kwake kabla ya kupeleka chochote, ukamwambia kwamba una banda lisilo halali na una hofu na jengo lake, mtakuwa watu wawili wenye shida na mpaka mmoja. Sijui atakujibu nini. Anaweza kukukasirikia. Anaweza kukwambia mwenye mtaji ndiye anayeamua sasa, na hiyo nayo itakuwa habari muhimu.

Kuhusu tarehe, usiiogope kupita kiasi, lakini usiipuuze. Kubadilisha matumizi ya kiwanja ni hatua moja. Kibali cha ujenzi kwa kawaida ni hatua nyingine, na michoro hubadilika katikati. Lakini kuna sehemu ambazo aliyekaa kimya katika hatua ya kwanza hasikilizwi kwenye rufaa. Nenda au mpigie afisa mipangomiji wiki hii umuulize jambo hilo tu: asiyeleta maoni sasa anapoteza nini baadaye? Jibu lake litakwambia una siku ngapi za kufikiri, na hapo ndipo uamue kuhusu saini. Ukishazungumza na mwalimu, niandikie tena. Mumeo akitaka kuandika upande wake, naye namkaribisha.